Iringa: duka yenye kuajiri watu wa ulemavu inafanya kazi namna gani?

Mu muji wa Iringa, ku nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kuko duka moja yenye kujulikana sana na wageni: Neema Crafts. Karatasi, shanga, vitambaa, mikoba, vyote vinatengenezwa na watu wanaoishi na ulemavu. Ilianzishwa kama kazi ya dayosisi ya Anglikana ya Ruaha. Ilianza mwaka 2003, wakati Mwingereza Susie Hart alifundisha vijana watatu viziwi kutengeneza karatasi kwa mikono. Kisha wafanyakazi walipita 100.

Karatasi moja inachekesha watu kwanza: inatoka mu mavi ya tembo. Tembo anakula majani na maganda ya miti, lakini tumbo yake haisagi vyote, kwa hiyo mavi imejaa nyuzi. Wanaiosha, wanaichemsha muda murefu, wanaiponda mpaka inakuwa kama uji, kisha wanaitandaza ku wavu na kuianika. Harufu inaisha kabisa. Ndiyo inatoa kadi na daftari. Hifadhi ya Ruaha haiko mbali, na mtalii aliyetoka kuona tembo ananunua bila kusukumwa.

Kuko pia mkahawa. Wanaohudumia ni viziwi. Mteja anaandika ku karatasi kile anataka, ao anajaribu alama za mikono. Mimi naona hapo ndipo kuko somo kubwa kuliko duka lenyewe: mwenye masikio mazima ndiye anakosa luga, na anapaswa kuomba kusaidiwa.

Lakini tusidanganyane. Duka kama hiyo inategemea wanunuzi wa mbali. Mwaka 2020, wakati wa Covid, watalii walipunguka Tanzania yote, na mwenye kufuma kitambaa hawezi kukila.

Hapa kwetu tunajua jambo hilo. Ku Petite Barrière ya Goma, kwa miaka mingi, watu wa ulemavu walipitisha bidhaa ku baiskeli za magurudumu matatu, juu watu wa duane waliwalegezea kodi. Wenye maduka waliwapatia mizigo, na wao walilisha familia. Mwezi wa 3 mwaka 2020 mpaka ulifungwa, na ile kazi ikasimama siku moja. Iringa ao Goma, mwenye kuwa na mlango mumoja tu wa kuingiza pesa anakuwa hatarini. Tofauti ni kwamba fundi wa Iringa anabaki na ufundi mu mikono. Ule wa mpaka alikuwa na nafasi tu, na nafasi inaweza kuondolewa.

Upande wa sheria, Tanzania ilipitisha yake mwaka 2010: muajiri mwenye watu 20 na zaidi anapaswa kuwa na 3% ya wafanyakazi wenye ulemavu. Kongo iliingia mu mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hao mwaka 2015, kisha ikapata sheria organike nambari 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa 5, 2022, yenye kulinda haki zao. Mutu anayefukuzwa ku mlango wa ofisi kwa sababu ya magongo anaweza kutaja hiyo nambari. Wengi bado hawaijui, hata wakubwa wa kazi, basi afazali kuiandika ku karatasi na kutembea nayo.