Koti Kubwa, Kina Kifupi

Mara yangu ya kwanza kupiga mbizi Watamu nilivunja tumbawe. Kipande cha ukubwa wa sahani, kimekua huko chini miaka sijui mingapi, nikakivunja kwa pezi la kukodi. Nilikuwa nimevalishwa jaketi la kuelea ambalo lingemtosha landilodi wangu, na mkanda wa risasi mzito kupita kiasi. Nikazama kama gunia la simiti, nikabonyeza kitufe cha hewa kwa hofu, nikapaa, nikatoa hewa, nikazama tena.

Tangu siku hiyo nimesoma historia ya hilo jaketi kuliko nilivyowahi kusoma chochote chuoni, kabla sijaacha.

Cousteau na Gagnan walipotengeneza vali yao ya mtungi Ufaransa mwaka 1943, jaketi halikuwepo. Mtu alifunga risasi kiunoni, akakisia, halafu mapafu yakafanya kazi iliyobaki: vuta pumzi upande kidogo, toa ushuke. Mwaka 1961 Mfaransa mwingine, Maurice Fenzy, akasajili kola ya hewa ya kuvaliwa shingoni. Mwaka 1971 Scubapro wakaleta jaketi lenyewe, la kuvaa kama kizibao. Sasa angalia: hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa 1968. Yaani matumbawe yetu yalipata sheria miaka mitatu kabla ya mgeni kupata koti la kumsaidia asiyakanyage.

Na koti lenyewe si uchawi. Maji hubana hewa. Ukifika mita 10, ujazo wake umebaki nusu. Ukifika 20, theluthi. Ona vile badiliko kubwa liko juu, kwenye zile mita 10 za kwanza, na huko ndiko bustani za matumbawe za Malindi na Watamu ziliko. Hata mabaki ya merikebu ya Ngomeni, inayodhaniwa kuwa ya Kireno, ambayo Caesar Bita wa Makavazi ya Kitaifa na wenzake wamekuwa wakiyachunguza, yako kama mita 6 tu chini. Watu hudhani kina kirefu ndicho kigumu. Kwa kuelea, wapi!

Ndiyo maana naona majaketi mengi ya kukodi yalikusudiwa bahari za watu wengine. Uingereza maji ni baridi, kwa hivyo suti ni nene. Suti nene inaelea, inataka risasi nyingi, na risasi nyingi zinataka koti kubwa. Hapa kwetu suti ya milimita 3 inatosha, na risasi chache, na koti dogo linalokaa mbavuni. Livae, lijaze, mwambie mtu alivute juu mabegani. Likifika masikioni, rudisha. Usione haya kama mimi.

Mvuvi mmoja wa pweza pale Mayungu nilimwonyesha picha yake kwa simu. Akaiangalia sana. "Sasa mwanangu, ukiwa na hilo, mapafu ni ya nini?"

Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii. Nilichokipiga teke ni kilichosalia, au kilichoota upya. Mwezi uliopita nilirudi Watamu nikiwa nimepunguza kilo mbili za risasi. Nilitafuta lile tumbawe langu. Sikulipata.