Farasi Walipokwisha, Wakaletwa Watu

Kuna sanamu ya watu watatu wa shaba pale Kenyatta Avenue, Nairobi, ambayo nimeipita miaka yote nikikimbilia mathree. Siku moja mvua ilinikuta hapo nikasimama kusoma. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na mmoja wa wale watatu si askari hata kidogo. Ni mpagazi. Maandishi yanawasifu wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Nilirudi nyumbani na swali la kijinga: jeshi la dola kubwa kama ile lilikuwa limepoteza miguu yake wapi?

Jibu ni mbung'o. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika huku Agosti 1914, Waingereza walikuwa Kenya na Wajerumani walikuwa upande wa pili wa Taveta, nchi ambayo sasa ni Tanzania. Februari 1916 alikuja Jenerali Jan Smuts kutoka Afrika Kusini, na nyuma yake vikosi vya wapanda farasi. Mpango ulikuwa wa haraka: kuzunguka Kilimanjaro, kumkimbiza von Lettow-Vorbeck kusini, kumaliza kazi. Lakini njia ilipita kwenye mapori ya mbung'o, na farasi akiumwa na mbung'o mwenye vimelea anakonda, anavimba miguu, kisha anaanguka. Wengi hawakumaliza hata wiki chache. Wakafa farasi, punda, ng'ombe wa kukokota, na nyumbu (yule mtoto wa punda na farasi, si wale wa Maasai Mara), makumi ya maelfu kwa jumla.

Na msiniambie hawakujua. David Bruce alikuwa ameshaonyesha kule Zululand, miaka ya 1890, kwamba mbung'o ndiye anayesambaza ugonjwa huo. Ilikuwa elimu ya miaka ishirini. Waliwapeleka wanyama wale wakijua, wakapiga hesabu kwamba watakaokufa watajazwa na wengine.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu nina deni langu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, nilifanya kazi miezi minane kwa jamaa aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni wa punda. Mitungi ya lita ishirini ishirini, mlima mmoja mbaya wa kokoto, na punda mmoja wa kijivu mwenye kidonda begani, pale nira inaposugua. Kila asubuhi niliona kile kidonda. Kila asubuhi nikafunga nira juu yake, na kwenye mlima nikatumia mpira wa bomba kumchapa, kwa sababu wateja walikuwa wakipiga simu. Sikuwa na chuki naye. Nilikuwa na hesabu ya mitungi tu. Kwa hivyo nikisoma habari za makamanda wa 1916, siwezi kujifanya siielewi akili yao.

Baada ya wanyama kwisha, wakatafutwa watu. Jaribu kupiga hesabu mwenyewe. Chukulia mtu anabeba kilo 25, na anakula kilo moja ya unga kwa siku. Kama askari wako mbele mwendo wa siku kumi, mpagazi atakula kilo kumi akienda na kumi akirudi. Amefikisha kilo tano. Ili gunia moja la kilo 90 lifike, unahitaji watu kumi na wanane. Jeshi likisonga mbele siku mbili tu zaidi, mtu yule yule anafikisha kilo moja. Ndiyo maana katika vita vile wapagazi walikuwa wengi kuliko askari. Kwa upande wa Waingereza peke yake, walioandikishwa kwa miaka yote wanakadiriwa kufikia kama milioni moja, kutoka nchi nyingi za Afrika.

Hapa kwetu kikosi kilianza 1914 chini ya Oscar Watkins, na mwanzoni waliitwa watu wa kujitolea. Walijitolea wachache, basi 1915 ikatungwa sheria ya kuwachukua kwa lazima. Mwaka wa 1917 John Ainsworth akapewa kazi ya kukusanya watu nchi nzima, na machifu wakatakiwa kutoa idadi. Wazee wa zamani walisimulia jinsi vijana walivyokimbilia misituni, wengine wakikamatwa usiku vitandani.

Kilichowaua si risasi sana. Ni tumbo. Mtu aliyekulia kwenye ndizi au wimbi alipewa unga wa mahindi, mara nyingi haukuiva vizuri kwa sababu sufuria zilikuwa haba, kuni zimelowa, na muda hakuna. Kuhara damu kukawamaliza. Wengine nimonia, maana waliteremshwa kutoka baridi kwenda joto, na kurudi kwenye mvua, na blanketi moja. Mvua za 1917 kule Rufiji zilikuwa balaa. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba wapagazi wa Kenya waliokufa wanakaribia 45,000, na wa upande wote wa Waingereza wanazidi 95,000. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa familia zao kamwe; serikali ilisema wenyewe hawajulikani.

Watu husema, "walitendewa kama wanyama." Nimeichoka sentensi hiyo. Inachukulia kwamba kuna kiasi fulani cha mateso ambacho ni halali ya mnyama, na kosa ni kukihamishia kwa mtu. Mimi naona daftari ni moja. Aliyeweza kuandika "farasi elfu wamekufa, leteni wengine" hakuhitaji kubadilisha kalamu alipoandika kuhusu Wakamba, Wakikuyu na Wajaluo.

Mwaka wa 2004, kule London, pembeni ya Hyde Park, ilizinduliwa kumbukumbu kubwa ya wanyama waliokufa vitani, yenye nyumbu wa shaba waliolemewa na mizigo. Imeandikwa pale kwamba wanyama wale hawakuwa na hiari. Ni kweli, na siwaonei wivu. Ningependa hata yule punda wangu aandikiwe. Ila ilibidi tungoje hadi Aprili 2021 ndipo tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola itoe ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Maafisa wa miaka ya 1920 walikuwa wameamua kwamba Mwafrika haelewi maana ya jiwe la kaburi. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Sisi tumebaki na Kariokor, jina la Carrier Corps lililokaa mdomoni mwetu, kama Kariakoo ya Dar. Huko tunaenda kula nyama choma na kununua vyondo. Nilimuuliza muuzaji mmoja jina limetoka wapi, akaniambia ni la mhindi fulani aliyekuwa na duka.

Nyanya yangu anamjua mmoja wao kwa jina, ndugu wa babu yake, aliyechukuliwa akiwa hajaoa. Nilitafuta jina hilo kwenye orodha ya majina ya tume kwa simu yangu, nikajaribu tahajia nne. Nyanya alikuwa anachambua maharagwe.

"Wameandika alifia wapi?"

"Hapana, nyanya. Hayumo."

"Basi angalia tena kesho," akasema. "Labda walikosea herufi."