Maneno ya Mke, Michoro ya Mume: Muriel na Tom Feelings na Vitabu vya Picha vya Kiswahili

Mhakiki wa fasihi ya watoto anapokutana na kitabu cha picha kilichotungwa na watu wawili, huelekea kumkabidhi mmoja wao kitabu kizima. Mara nyingi anayekabidhiwa ni mchoraji, kwa kuwa picha ndiyo inayoonekana kwanza, na tuzo huifuata picha. Makala haya yanawahusu mke na mume, Muriel na Tom Feelings, Wamarekani Weusi waliotoa kwa pamoja vitabu vitatu kati ya 1970 na 1974, viwili kati yake vikiwa vimejengwa juu ya maneno ya Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba historia imemkumbuka mume na kumsahau mke, na kwamba usahaulifu huo umetunyima sisi wasomaji wa Kiswahili nafasi ya kuvihakiki vitabu hivyo mahali vinapotugusa zaidi, yaani katika maneno yake.

Tom Feelings alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1933. Alitumikia Jeshi la Anga la Marekani katika miaka ya hamsini, akasomea uchoraji, na mwaka 1958 akaanza kuchora hadithi ya katuni, Tommy Traveler in the World of Negro History, katika gazeti la New York Age. Ilikuwa habari ya kijana mweusi anayesoma vitabu vya historia na kujikuta ndani ya matukio anayoyasoma. Baadaye akageukia watu wa mtaa wake mwenyewe, Bedford-Stuyvesant, akawachora walivyo. Amesimulia jinsi mtoto mmoja mweusi alivyoitazama michoro yake ya watoto weusi akakataa katakata kwamba walikuwa wazuri. Kisa hicho ni kidogo, lakini nadhani ndicho kinachoeleza kazi yake yote iliyofuata.

Mwaka 1964 alikwenda Ghana, akawa mchoraji wa jarida la The African Review. Nkrumah alipopinduliwa mwezi Februari 1966, Wamarekani Weusi wengi waliokuwa wamehamia Accra walitawanyika, naye Tom akarejea kwao mwaka uo huo. Katika tawasifu yake, Black Pilgrimage (1972), anaeleza kuwa huko Ghana mkono wake ulibadilika: nyuso alizozichora zikapata nuru ya ndani ambayo michoro ya Brooklyn haikuwa nayo. Michoro yake katika To Be a Slave cha Julius Lester (1968) ndiyo iliyomjulisha kwa wasomaji wengi.

Afrika aliyoishi Tom, basi, ni ya Magharibi. Ya Mashariki iliingia vitabuni kupitia kwa mkewe. Muriel Grey, mzaliwa wa Philadelphia, alikuwa mwalimu wa sanaa, na katikati ya miaka ya sitini alifundisha katika shule ya sekondari mjini Kampala. Walioana mwishoni mwa miaka hiyo. Kitabu chao cha kwanza, Zamani Goes to Market (1970), ni hadithi ya kijana wa kijijini Afrika Mashariki anayepelekwa sokoni kwa mara ya kwanza. Jina la mhusika linastahili kutajwa. Kwa mzawa wa lugha, "zamani" ni neno la wakati, si jina analopewa mtoto kwa kawaida. Mwaka 1969 John Mbiti, aliyekuwa akifundisha Makerere, alikwisha kulifanya neno hilo kuwa dhana ya kifalsafa. Kwa Mwafrika wa ughaibuni, aliyenyang'anywa wakati uliopita, kumwita mtoto Zamani ni kumrudishia kile kilichoibwa. Sisi tunalisikia neno kama kielezi; wao walilisikia kama dai.

Dai hilo lilikuwa hewani. Mwaka 1966 Maulana Karenga alikuwa ameasisi sherehe ya Kwanzaa, na nguzo zake saba, kuanzia umoja hadi imani, akazipa majina ya Kiswahili. Wengi wamekwisha kueleza kwamba mababu wa Wamarekani Weusi walichukuliwa zaidi kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, wala hawakusema Kiswahili. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haifiki mbali. Kiswahili hakikuchaguliwa kwa sababu ya nasaba. Kilichaguliwa kwa kuwa hakikuwa mali ya kabila moja, na kwa kuwa Tanzania ya Nyerere ilikuwa imeonyesha kwamba lugha ya Kiafrika yaweza kuendesha dola.

Moja Means One kilitoka mwaka 1971, na Jambo Means Hello mwaka 1974. Kati ya miaka hiyo miwili familia ilikuwa Guyana, ambako Tom alifanya kazi na Wizara ya Elimu katika mradi wa vitabu vya watoto. Cha kwanza kinafundisha kuhesabu hadi kumi, kikianza na mlima Kilimanjaro na kuishia na watoto kumi wanaosikiliza hadithi za mzee. Cha pili kinafuata alfabeti yenye herufi ishirini na nne, bila Q na X, kuanzia arusi hadi zeze. Kila neno limeambatishwa maelezo mafupi ya Kiingereza. Picha hazina rangi nyingi, bali weusi, weupe na kivuli, na nuru ile ya Ghana imetua juu ya nyuso.

Vitabu vyote viwili vilipata heshima ya tuzo ya Caldecott, cha kwanza mwaka 1972 na cha pili 1975, na Tom akawa mchoraji wa kwanza Mmarekani Mweusi kuipata heshima hiyo. Hapa ndipo Muriel alipoanza kutoweka. Kwa kanuni zake, Caldecott humtunza mchoraji. Jalada linamtaja Muriel kama mwandishi na Tom kama mwenye picha, lakini kumbukumbu za tuzo humweka Tom mbele. Tuwalinganishe na Leo na Diane Dillon, waliopata nishani yenyewe mwaka 1976 na tena 1977. Wao walikuwa wachoraji wote wawili, na walizoea kusema kuwa kazi yao ni ya msanii wa tatu anayezaliwa pale wanapochora pamoja. Tuzo haikuwa na njia ya kuwatenganisha. Kwa akina Feelings mgawanyo wa kazi ulikuwa bayana, na tuzo ikauona upande mmoja tu.

Kumrudisha Muriel mahali pake si kumsifu tu; ni kumhakiki pia. Msomaji wa pwani akiona "jambo" limefasiriwa kuwa salamu atatabasamu, maana jambo ni shauri au habari, na salamu ni hujambo, ambayo jibu lake ni sijambo. Yamkini Kampala ndiko chanzo. Huko Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwa wengi. Kilihusishwa na jeshi, polisi na safari, na salamu za namna hiyo hukatwa vichwa. Tatizo la kitabu cha kuhesabu ni zito zaidi. Kiswahili hakihesabu hewani. Moja hadi tano, pamoja na nane, hupatanishwa na ngeli ya kinachohesabiwa: watoto wawili, miti mitatu, vikapu vinne. Kitabu kinaonyesha vitu halisi, kisha kinatoa namba tupu, kana kwamba namba na kitu hazijuani. Mtoto wa Chicago atajua kusema mbili. Hatajua kwamba watoto si mbili. Hata mchezo wa bao umeitwa mankala, jina ambalo wachezaji wa Lamu wasingelijibu.

Hata hivyo, uteuzi wa msamiati wa Jambo Means Hello ni kazi ya mtu aliyekaa na watu. Mtalii angeanza na simba. Muriel alianza na arusi, akaweka baba na chakula mapema, na herufi H akaipa heshima. Heshima haichoreki. Ili kuichora, Tom ilimbidi achore watu wakiwa katika uhusiano: aliye mdogo mbele ya aliye mkubwa. Neno ndilo lililoiongoza picha. Tukirudi kwa yule mtoto wa Brooklyn aliyekataa uzuri wa watoto weusi, ni sahihi kusema kwamba Tom alileta nuru, lakini Muriel ndiye aliyeamua nuru hiyo iangukie nini.

Ndoa ilivunjika mwaka 1974, mwaka uleule wa Jambo Means Hello, na kwa sadfa mwaka uleule Kiswahili kilipoingizwa katika Bunge la Kenya. Wapo watakaotaka kuisoma arusi ya ukurasa wa kwanza kwa kejeli. Hatuoni faida ya usomaji huo. Lenye uzito ni kwamba hawakutoa tena kitabu cha pamoja. Mtoto wa shule ya msingi wa Kenya, ambaye lugha hii ilikuja kuwa somo lake la lazima na la kutahiniwa kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, hakuwa mlengwa wao. Lakini ni lugha yake iliyokuwa ikifundishwa.

Tom aliendelea kuchora, akafundisha katika Chuo Kikuu cha South Carolina, na akafariki mwaka 2003. Kazi yake kubwa, The Middle Passage (1995), ilimchukua takribani miaka ishirini. Ilitokana na swali aliloulizwa na rafiki Mwafrika huko Ghana, kwamba yaliwapata nini wale waliochukuliwa. Alijibu kwa picha pekee: baada ya utangulizi, masimulizi yenyewe ya safari ya utumwa hayana neno hata moja. Wahakiki wameuona ukimya huo kama kilele cha ufundi wake, nasi hatupingi. Lakini kwa mtafiti wa fasihi ya watoto kazi hiyo ina manufaa mengine. Inatuwezesha kuona michoro ya Tom inafanya nini inaposimama peke yake, na kwa hiyo kupima, katika vile vitabu viwili vya Kiswahili, ni kipi kilichotoka kwa Muriel.