Kwa Nini Gunia Lako Lilibaki Kasongo

Kasongo iliijua mizani kabla ya kuijua ndege. Enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, kabla Dhanis, afisa wa Dola Huru ya Kongo, hajauteka mji tarehe 22 Aprili 1893, pembe za ndovu zilipimwa hapa kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Mzigo wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili, asubuhi au jioni, bondeni au mlimani. Ndege zilipokuja hesabu hiyo ilivunjika, na watu wa kwetu hawakuelezwa.

Mimi ni mpima mizigo kwenye kiwanja cha ndege cha Kasongo, mkoani Maniema: mchele, madumu ya mawese, samaki wakavu. Kabla ya hapo nilikuwa fundi msaidizi wa injini kule N'Djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa. Akina mama wafanyabiashara huniuliza jambo moja: "Papa, jana ndege hii hii ilibeba magunia yote. Leo langu unaliacha kwa nini? Umekula pesa ya nani?" Swali ni la haki, na mtu aliyetembea kutoka vijiji vya Kabambare na mzigo wake anastahili jibu kamili. Jibu lenyewe linapitia Entebbe, Kamina na Goma.

Injini ya jeti humeza hewa mbele, huishindilia, huichoma pamoja na kerozeni, kisha huitupa nyuma kwa kasi kubwa kuliko ile iliyoingia nayo. Msukumo wake hutegemea mambo mawili: kilo ngapi za hewa zinapita kila sekunde, na kasi ya hewa hiyo imeongezwa kwa kiasi gani. Nasisitiza kilo. Watu hutazama ukubwa wa injini na ngurumo yake, lakini chakula chake ni hewa, na hewa ina uzito unaobadilika. Joto huitanua, mwinuko huipunguza. Injini ile ile, yenye mafuta yale yale na fundi yule yule, hupoteza nguvu mahali pa joto na mahali pa juu.

Waliozitengeneza walilijua hilo tangu mwanzo. Mwingereza Frank Whittle aliomba hataza yake mwaka 1930, na injini yake ikawaka kwa mara ya kwanza Aprili 1937, ikiwa imefungwa chini karakanani. Mpaka leo injini hupimwa hivyo: hufungwa kwenye fremu ya chuma inayoweza kusogea kidogo sana, na kipimo kinachoizuia fremu isiende husoma nguvu inayosukuma. Kisha wapimaji huyarekebisha matokeo yalingane na siku ya mfano: usawa wa bahari, nyuzi joto 15, mgandamizo wa hektopaskali 1013. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi za injini ni ya siku hiyo ya mfano. Sisi wa Maniema hatuijui siku ya namna hiyo.

Afrika yetu ndiyo iliyoonyesha mapema tofauti kati ya karatasi na kiwanja. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ilitoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa kwa ndege ya jeti. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ilikuwa na injini nne za de Havilland Ghost, kila moja ikisukuma kiasi cha kilonyutoni 22, na viti 36 tu. Hebu iwazieni njia hiyo kwa jicho la mpima mizigo: Khartoum kuna joto la jangwani, Entebbe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na injini zenyewe hazina nguvu ya akiba. Kila kituo kilikuwa na hesabu yake ya mafuta na mizigo.

Injini ya ukoo huo huo ilirudi karibu zaidi na sisi miaka tisa baadaye, safari hii kwa vita. Oktoba 1961 Sweden ilileta Kongo ndege za kivita aina ya Saab J 29, ambazo Waswidi waliziita Tunnan, zihudumie jeshi la Umoja wa Mataifa dhidi ya Katanga iliyokuwa imejitenga. Injini yao ilikuwa Ghost iliyotengenezwa Sweden kwa leseni. Baadaye ziliruka kutoka kambi ya Kamina, kwenye uwanda wa juu kusini kwetu. Injini iliyobuniwa kwenye baridi ya Ulaya sasa ilifanya kazi kwenye hewa nyepesi ya Katanga.

Jibu moja la tatizo hilo ni njia ndefu, na Wabelgiji walikuwa wameijenga Kinshasa. Njia ya kurukia ya N'Djili ina mita 4,700, na kwa mtu wa Kasongo urefu huo ni wa kushangaza. Pale ambapo injini haiwezi kuongezewa nguvu, ndege huongezewa mbio.

N'Djili ndiko nilikojifunza JT8D, injini ya Boeing 727, ya 737 za zamani na ya DC-9. Angani hakuna fremu ya kupimia, kwa hiyo rubani hukadiria msukumo kwa kulinganisha mgandamizo wa hewa unaotoka nyuma na ule unaoingia mbele. Uwiano huo husomwa kwenye saa ndani ya chumba chake, moja kwa kila injini. Washington, tarehe 13 Januari 1982, barafu iliziba kijitundu cha mbele cha kipimo hicho kwenye injini za Boeing 737. Saa zilionyesha 2.04, wakati uwiano wa kweli ulikuwa karibu 1.70. Ndege iliinuka kidogo ikaanguka kwenye mto Potomac, na watu 78 wakafa. Kwetu hakuna barafu, lakini nyigu wapo, na hujenga kwa udongo ndani ya mrija wowote ulioachwa wazi. Ndiyo maana nagombana na vijana wanaosahau kuvifunika vipimo ndege inapolala.

Sasa tazameni hewa yenyewe. Siku ya mfano, mita moja ya ujazo ina kilo 1.225 za hewa. Kindu, mita kama 500 juu ya bahari, kukiwa na nyuzi 32 inabaki kilo 1.09 hivi. Goma, mita 1,550, kukiwa na nyuzi 25 haifiki kilo moja; sehemu ya tano imekwisha kupotea. Na bawa nalo linapungukiwa na hewa ile ile, kwa hiyo ndege inapigwa mara mbili: inasukumwa kidogo, na inatakiwa kukimbia kasi zaidi ndipo inyanyuke. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava ilifunika karibu theluthi moja ya njia ya kurukia ya Goma yenye kilomita tatu. Kwa miaka mingi ndege kubwa ziliruka kutoka kipande kilichobaki. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ya abiria ilishindwa kuinuka, ikaingia kwenye nyumba na maduka ya mtaa wa Birere. Nikiisikia Goma, naifikiria hewa yake pamoja na zile mita zilizofunikwa.

Kasongo zinakuja ndege ndogo aina ya Caravan. Injini yake, PT6, ni ya jeti pia, ila nguvu zake huzungusha pangaboi, na rubani hutazama saa mbili. Moja hupima nguvu ya kuzungusha, nyingine joto la gesi ndani, ambalo wakati wa kuruka halitakiwi kupita nyuzi 805. Kukiwa na ubaridi, saa ya kwanza hufika mwisho kwanza, na nguvu zote 675 za farasi zinapatikana. Jua likipanda, inaweza kufika mahali joto ndilo linalotangulia kugota. Rubani akiongeza mafuta anaunguza injini. Vumbi letu jekundu nalo hula mapanga ya ndani polepole. Kuna mlango wa kulichuja hewani, lakini ukifunguliwa nao unapunguza nguvu kidogo.

Kwa hiyo, mama, jana ndege ilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ardhi ikiwa baridi na kavu. Leo imechelewa Kindu, imefika saa nane mchana, na mvua ya usiku imelainisha njia, magurudumu yanazama. Rubani alifungua jedwali lake, akashuka kwa kidole kutoka joto hadi mwinuko hadi urefu wa njia, akaniambia niondoe kilo 150. Magunia yaliyofika mwisho ndiyo yaliyoshuka. Jedwali hilo naomba libandikwe ukutani pale kiwanjani, kwa Kiswahili, karibu na mizani, kila mwenye gunia alisome mwenyewe kabla hajanilipa.