Uhipi na Miiko ya Kaya Kinondo

Aghalabu hudaiwa kwamba mahipi, waliovuma San Francisco mwaka 1967 na kufika Lamu katika miaka ya 1970, ndio waliotufunza kuyaenzi maumbile na kuukana uchu wa mali. Dai hili halina mashiko katika pwani ya kusini. Hoteli zimeujaza ufuo wa Diani, lakini Kaya Kinondo iliyo jirani ingali imesimama. Wazee wa Kidigo waliulinda msitu huo kwa miiko: mtu hakati mti, haondoki hata na jani, wala haingii bila kujifunga kaniki. Mwaka 2008 UNESCO iliutambua, pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, kuwa urithi wa dunia. Mahipi wengi waliyakimbilia maumbile ili waepuke sheria. Wadigo waliyahifadhi kwa sheria. Tunu za uhipi zingali na maana, ila hazidumu pasipo mwiko na wa kuusimamia.