Chumba Kimoja chenye Moto

Kila ifikapo Novemba, ndugu wasomaji, ugomvi ule ule huzuka katika nyumba zetu hapa Uingereza. Vijana wanataka hita iwake nyumba nzima, wazee wanapita nyuma yao wakizima. Vijana husema wazee ni mabahili. Tumejaribu kuufuatilia ubahili huo unakotoka, na tumeona kwamba sehemu kubwa yake si ya kwetu hata kidogo. Ni ya Waingereza wenyewe, na wazee wetu waliirithi pamoja na vyumba walivyopanga.

Nyumba za matofali zilizoshikana mstari mmoja katika mitaa mingi tunayokaa zilijengwa zama za Malkia Victoria, wakati wa moto wa makaa ya mawe. Kila chumba kilikuwa na meko na dohani. Mtu akiota moto, kifua kinaungua na mgongo unaganda, na joto jingi linapanda na moshi kwenda zake angani. Maadamu makaa yalipatikana kwa bei ndogo, hakuna aliyejali.

Waliojifunza kujali walifunzwa na baridi ya mwaka 1947. Tangu tarehe 22 Januari hadi 17 Machi haikupita siku bila theluji kuanguka mahali fulani nchini. Makaa yalikuwepo, ila yalikwama migodini na bandarini kwa kuwa reli zilifukiwa na meli hazikuweza kusafiri. Tarehe 7 Februari waziri aliyehusika na nishati, Emanuel Shinwell, alilitangazia Bunge kuwa umeme wa viwanda utakatwa katika sehemu kubwa ya nchi. Majumbani nako ikawa marufuku kuutumia kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, kisha saa 8 hadi saa 10 alasiri. Watu zaidi ya milioni mbili walikaa bila kazi. Akina mama walipika kwa saa, wakafua kwa saa, wakavaa makoti ndani ya nyumba. Mtoto aliyekua katika baridi ile ndiye baadaye aliyekuja kuwa mwenye nyumba wa wazee wetu.

Miaka mitano baadaye moshi wenyewe ukageuka adui. Kati ya tarehe 5 na 9 Desemba 1952 London ilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa, na maelfu ya watu wakafa. Hesabu ya mwanzo ilikuwa kama 4,000. Uchunguzi wa baadaye umeipandisha hadi karibu 12,000. Sheria ya mwaka 1956 ikaanza kuyaondoa makaa yenye moshi mijini, na watu wengi wa vyumba vya kupanga wakahamia kwenye hita za mafuta ya taa na moto wa gesi wa kutia sarafu.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Wenzetu waliofika baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wanafunzi waliotangulia, walikuta kisanduku ukutani kinachomeza shilingi. Jina walilijua vizuri. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa kwa miaka mingi sawa na ya Kiingereza kwa thamani. Tofauti ni kwamba kwetu ilinunua chakula, na hapa ilinunua joto la muda mfupi, kisha moto ukajizima katikati ya mazungumzo. Hita ya mafuta ya taa nayo ilikuwa na hila yake: kila lita moja inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji katika mvuke. Maji hayo yakatiririka madirishani, yakaota ukungu mweusi kutani, na wapangaji wakalaumiwa kwa uchafu.

Kisha ikaja 1973. Vita vya Oktoba vilipandisha bei ya mafuta, wachimba makaa nao wakagoma kufanya kazi za ziada. Serikali ya Edward Heath ikaamuru viwanda na maduka mengi yatumie umeme siku tatu tu kwa wiki, kuanzia usiku wa kuamkia mwaka 1974. Televisheni zilifungwa saa 4 na nusu usiku. Wananchi wakaombwa wapashe moto chumba kimoja tu. Waziri mmoja, Patrick Jenkin, aliwashauri watu wapige mswaki gizani, halafu magazeti yakaipiga picha nyumba yake mwenyewe ikiwa inawaka taa. Heath alishindwa uchaguzi wa Februari, na mwezi Machi wiki ya siku tatu ikafutwa.

Kwa maoni yetu jambo la kusikitisha ni hili: kwa miaka yote hiyo raia aliambiwa azime, na hakuna aliyemuuliza joto lake linatokea wapi. Nyumba isiyofunikwa darini hupoteza takriban robo ya joto lake kwa juu. Ruzuku ya kuweka sufi darini ilikuja na sheria ya mwaka 1978, miaka 31 baada ya theluji ya Shinwell, na wapangaji wengi haikuwafikia, kwa kuwa dari ni la mwenye nyumba na bili ni ya mpangaji.

Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 na bei ya gesi kuruka, tuliwaona wazee wetu wakirudi kwenye kanuni ya Heath bila kuamriwa na yeyote. Wanafunga redieta zote isipokuwa ya sebuleni, wanalala humo humo na koti. Wengine wana mita ya kulipa kabla, ndugu yake LUKU ya nyumbani, na pesa zikiisha wanangoja siku ya pensheni kama walivyongoja shilingi. Shirika la Afya Duniani linasema nyumba isishuke chini ya nyuzi 18. Tulimpelekea mzee mmoja kipimajoto kidogo cha ukutani. Kilionyesha 13. Alikitazama, akatuuliza kama nacho kinatumia umeme.