Bahari Isomwe Katika Idara Gani?

Wiki hii nataka tuzungumze habari za bahari. Si bei ya samaki wala nauli ya boti, bali bahari kama somo. Wako vijana wetu waliomaliza shahada ya kwanza, huyu ya historia, yule ya elimu ya viumbe, mwingine ya Kiswahili, ambao husikia kwamba mahali fulani chuo kikuu kinatoa shahada ya uzamili ya eneo zima la bahari, ambapo mwanafunzi mmoja husoma historia, isimu, akiolojia, jiografia na sayansi ya viumbe vya majini kwa pamoja. Wakirudi nyumbani kusema hivyo, mzazi hushtuka. Swali lake la kwanza tunalijua: ukimaliza utaitwa nani? Mwanasheria tunamfahamu, mhasibu tunamfahamu. Huyu wa bahari ataajiriwa na nani?

Swali hilo si la kipuuzi, nami nitalirudia. Kwanza tutazame jambo lenyewe limetoka wapi. Mfaransa Fernand Braudel alikamatwa na Wajerumani mwaka 1940, akakaa mfungwa mpaka vita vilipokwisha 1945. Huko kifungoni ndiko alikoandika sehemu kubwa ya kitabu chake juu ya bahari ya Mediterania, kilichotoka 1949. Alianza na milima, pepo na njia za meli, wafalme akawaacha nyuma. Wanahistoria wa Bahari ya Hindi walimfuata: K. N. Chaudhuri mwaka 1985, na kwetu Profesa Abdul Sheriff wa Zanzibar, ambaye kitabu chake juu ya utamaduni wa majahazi kilitoka 2010.

Lakini tusiende mbali. Hebu tuchukue Kilwa.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu mji ule, ila maneno yake juu ya majengo yamefasiriwa kwa namna mbili: wako wanaosoma kwamba mji ulijengwa kwa mbao, na wako wanaosoma kwamba ulijengwa kwa ustadi tu, bila kutaja mbao. Mtu wa vitabu akibaki na vitabu vyake atabishana mpaka jua lichwe. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake 1974. Humo kuna Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe na chokaa lililo juu ya mwamba unaotazama bahari, na kuna Msikiti Mkuu. Mawe basi yalikuwapo. Hata hivyo wachimbaji waliokuja baadaye wakatanabahi kwamba watu wengi wa miji ya pwani hawakukaa katika mawe, bali katika nyumba za miti na udongo, ambazo haziachi gofu la kupigiwa picha. Naam, mbao na mawe vyote viwili vilikuwa kweli, na kuligundua hilo kulitaka anayejua Kiarabu akae meza moja na anayejua udongo.

Jambo la pili ni zito zaidi, maana linagusa sisi ni nani. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema mji uliasisiwa na watu wa Shirazi. Waandishi wa enzi ya ukoloni waliyapokea kwa furaha, wakasema miji hii ni kazi ya wageni, Mwafrika alikuwa mtazamaji. Wataalamu wa isimu wakajibu: lugha ni ya Kibantu, ndugu yake ni Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Wengine wakaenda mbali, wakasema hadithi ya Shirazi ni porojo tupu ya watu waliotafuta hadhi.

Mwaka 2023 ukachapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya pwani. Wengi wa waliozikwa pwani walikuwa na asili mbili: mama zao wa mbali walikuwa Waafrika, na baba zao wa mbali wengi walitoka Asia, hasa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Kumbe masimulizi hayakuwa porojo, na wanaisimu nao hawakukosea, kwa kuwa watoto walishika lugha ya mama zao. Mtaalamu wa vinasaba peke yake angeweza kutangaza Uajemi tu. Mwanaisimu peke yake, Ubantu tu. Na mwanaakiolojia lazima aulize makaburi hayo yalikuwa ya nani, kwani aliyezikwa karibu na msikiti wa mawe si lazima afanane na mvuvi wa kijiji cha jirani. Mtu asiyezijua lugha hizi tatu za kitaaluma atalichukua gazeti lenye habari ya namna hiyo na kuligeuza fimbo ya kuchapia wenzake kisiasa.

Sasa nirudi kwa mzazi na swali lake la ajira. Mwaka 2004 magofu ya Kilwa yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, yakatolewa 2014. Katika miaka hiyo adui alikuwa nani? Mawimbi yalikuwa yakila ukingo wa kisiwa mpaka kwenye kuta za Gereza. Mikoko ikikatwa, wimbi halina wa kulizuia. Hapo mwanahistoria atafanya nini na tarehe zake? Anahitajika mtu anayejua kuta zile zilijengwaje, chokaa gani inazifaa, mikoko huota wapi, na jinsi ya kuzungumza na wanakijiji wanaoihitaji mikoko hiyo hiyo kwa boriti na kuni. Au tazama Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania ilianzishwa 1995. Kisiwa cha Juani kimo ndani yake. Kina fukwe ambako kasa hutaga, na kina magofu ya mji wa Kua. Mhifadhi wa pale anahitaji kujua yote mawili, na wavuvi juu yake.

Kwa hiyo kazi zipo, ingawa matangazo ya ajira bado yanaandikwa kwa majina ya idara za zamani.

Ninalolilalamikia mimi ni jingine. Shahada hizi mara nyingi hufundishwa mbali na pwani inayosomwa, kwa ada ambayo mtoto wa Kilwa Kisiwani haiwezi, na kwa kusoma vitabu vya Kiingereza peke yake. Biashara ya bahari hii iliandikwa pia kwa Kiarabu, Kigujarati na Kireno. Asiyejua hata moja ataingia kwenye nyaraka za Zanzibar kama mtu aliyeingia ghalani bila taa.

Tena kuna elimu isiyoandikwa. Manahodha wetu walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, siku kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo, wakajua mwongo gani kusi inatulia na mwongo gani kaskazi inaanza kufaa tanga. Nairuzi yenyewe ni neno la Uajemi. Hesabu hiyo ni historia, ni unajimu na ni hali ya hewa kwa wakati mmoja, taaluma mseto kabla vyuo vikuu havijalibuni jina hilo. Wanaoijua sasa ni wazee. Mzee wa namna hiyo hana cheti, na fomu ya chuo inayoomba majina ya wahadhiri haina mstari wa kumwandika.

Kijana anayejaza maombi mwaka huu na autazame ukurasa wa masomo kabla ya kutia sahihi. Kama hakuna lugha hata moja ya bahari hii, wala muhula mmoja wa kukaa ufukoni na wavuvi, aiulize ofisi ya udahili kwamba ada ile inalipia nini.